Nyufa za Bwawa la Hakimu

Rangi Mbili hakusema uongo. Alichosema ni ukweli uliokatwa mkia, na kukata huko ndiko kulikomtia matatani.

Kijana huyu alikuwa akiuza rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Jina hilo alibandikwa mara tu alipoanza kazi, baada ya kumuuzia mama mmoja rangi ya sebule, makopo mengine ya kijani, mengine ya samawati, akamwapia kwamba zikishakauka zitalingana. Hazijalingana hadi leo. Lakini mdomo wake ulikuwa mtamu kiasi kwamba yule mama alirudi dukani kununua brashi.

Sasa ikafika siku ya kupelekwa na mchumba wake kujitambulisha kwa wazazi. Mchumba mwenyewe alikuwa muuguzi, na kila mtu alimwita Nesi, hata mama yake mzazi. Baba yake alikuwa hakimu mstaafu. Kustaafu alistaafu, lakini uhakimu haukumstaafu yeye: hata chumvi ikizidi mezani, alisikiliza pande zote mbili kabla ya kutoa neno.

"Unashughulika na nini, kijana?" Hakimu aliuliza, vikombe vya chai vikiwa havijapoa.

"Niko kwenye ujenzi, mzee."

"Ujenzi!" Mzee akaweka kikombe chini. "Hebu inuka, nifuate."

Akampeleka nyuma ya nyumba. Huko kulikuwa na bwawa dogo la kuogelea, ambalo Hakimu alichimbiwa na wanawe wakubwa baada ya daktari kusema kwamba mgongo wake hauna dawa nyingine ila maji. Kila asubuhi aliingia humo akaelea kama gogo, macho juu, mpaka mkewe amwite chai. Kuzunguka bwawa yalitandazwa mawe bapa, na katikati ya jiwe na jiwe palijazwa saruji. Saruji hiyo ndiyo iliyokuwa imechoka. Ilikuwa na nyufa za kila namna, nyembamba kama uzi na pana za kuingiza kidole. Majani yalishaota humo, sisimizi nao wamehamia na familia zao. Jiwe la karibu na ngazi lilicheza kila lilipokanyagwa, kama jino bovu.

"Jumamosi," Hakimu akasema. "Njoo na vifaa vyako."

Hapo ndipo Rangi Mbili alipopaswa kusema neno. Alifungua mdomo kabisa ili aliseme. Kilichotoka ni, "Hilo dogo sana, mzee."

Njiani wakati wa kurudi, Nesi alitembea mbele bila kugeuka. Mwishowe akashindwa kujizuia.

"Wewe umekuwa fundi lini?"

"Sikusema mimi ni fundi. Nilisema niko kwenye ujenzi. Kwani rangi si ujenzi?"

"Kwa hiyo na mimi nikipita mbele ya benki, nimekuwa tajiri?"

"Mpenzi, kuziba ufa ni jambo gani? Ni kama kupaka siagi kwenye mkate."

"Baba alikuwa akiwafunga watu kama wewe," Nesi akasema, akaongeza mwendo.

Kesho yake Rangi Mbili alimtafuta rafiki yake, mwashi wa siku nyingi, ambaye alikuwa juu ya jukwaa akipiga lipu ukuta wa ghorofa. Mwashi hakuweza kuiacha kazi hiyo siku ya Jumamosi, lakini alikuwa na moyo mzuri. Aliteremka, akamwazima ndoo, nyundo, tindo na mwiko, akamketisha juu ya mfuko wa saruji kumpa somo.

"Kwanza kabisa," alisema, "fundi hajulikani kwa mwiko, anajulikana kwa mdomo. Ukifika usishike kitu. Simama, shika kiuno, tikisa kichwa, halafu uliza: 'Nani aliwafanyia kazi hii?' Kisha mponde huyo mtu. Mponde mpaka mwenye nyumba aanze kumwonea huruma. Hapo ndipo atakuamini wewe."

"Na kama huyo mtu alifanya vizuri?"

"Hakuna fundi aliyewahi kukuta mwenzake amefanya vizuri. Huo ni mwiko."

Wote wawili wakautazama mwiko uliokuwa mkononi mwa Mwashi, wakacheka mpaka msimamizi akawaita majina yasiyofaa.

Kisha Mwashi akaeleza kazi yenyewe. Saruji kuukuu ing'olewe yote kwa tindo mpaka chini, maana ukiweka nzima juu ya mbovu, na ile nzima itaoza. Vumbi lifagiliwe, mawe yaloweshwe. Mchanganyiko uwe mkavu-mkavu, ukiufinya ukae donge, usichuruzike, na ushindiliwe kidogo kidogo. Na ule mstari wa mwisho, mawe yanapokutana na ukingo wa bwawa, usitiwe saruji hata kwa mtutu wa bunduki, kwa sababu hapo ardhi na bwawa kila kimoja kina safari yake, na saruji ingepasuka. Hapo panataka mpira laini wa kuziba. Lilikuwa somo zuri. Bahati mbaya mwanafunzi hakulisikia, kwa kuwa muda wote huo alikuwa akifanya mazoezi ya kutikisa kichwa.

Jumamosi ikafika. Hakimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kivulini, gazeti mkononi. Mama mkwe alikuwa akianika nguo kwenye kamba. Rangi Mbili aliamkia, akatua ndoo, akasimama ukingoni mwa bwawa. Akashika kiuno. Akatikisa kichwa, kwanza polepole, kisha kwa masikitiko makubwa.

"Mzee," alisema, "nani aliwafanyia kazi hii?"

Gazeti likashuka kidogo. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza kwa uchungu. Huyu hakuwa fundi. Huyu alikuwa adui wa nyumba hii."

Hakimu akalikunja gazeti vizuri, akaliweka magotini. "Adui. Endelea."

"Tazama mwenyewe. Hapa saruji imejaa, hapa imepunguka, hapa imepanda juu ya jiwe kama uji uliofurika sufuria. Alikuwa akitazama wapi?"

"Pengine mgongo ulikuwa ukimuuma."

"Usimtetee, mzee! Na hapa, ona, hata mwiko hakutumia. Ametumia kidole. Alama yake hii hapa!"

Hakimu akakitazama kidole chake cha shahada kwa muda, kisha akakikunja ndani ya ngumi. Kule kwenye kamba, Mama mkwe akapatwa na kikohozi. Alijifunika uso kwa shuka lenye maji, mabega yakimtetemeka. Rangi Mbili akaona maneno yake yamemgusa mama wa watu, akazidi kupandisha.

"Mtu kama huyu angeletwa mbele yako mahakamani, ungemfanyaje?"

"Ningemsikiliza kwanza," Hakimu akajibu.

"Mimi nisingemsikiliza. Ningemfunga."

"Mwanangu," Mama mkwe akaita kwa sauti iliyokatika, "hebu njoo jikoni unisaidie."

Jikoni akafunga mlango, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Huyo fundi unayemponda, unamjua?"

"Simjui, mama, na wala sitaki kumjua."

"Mimi namjua. Niliolewa naye."

Rangi Mbili akatafuta pa kukaa. Akaketi juu ya ndoo iliyokuwa karibu. Ndoo haikuwa na kifuniko, na ilikuwa na maji.

"Alikataa katakata kuita fundi," Mama mkwe akaendelea, akimvuta mkono ili atoke ndooni. "Alipiga magoti pale na mgongo wake ule, hataki kusaidiwa. Alipomaliza alinishika mkono akanizungusha, jiwe baada ya jiwe, anaringa kama mtoto aliyeota jino."

"Mama, mbona hukunizuia?"

"Nikuzuie? Mwanangu, miaka yote hii nimekuwa nikitafuta mtu wa kumwambia."

Rangi Mbili alirudi nje suruali ikitiririka. Hakimu alikuwa pale pale, mikono juu ya gazeti.

"Mzee, nimeiangalia tena ile kazi."

"Umeiangalia ukiwa jikoni?"

"Nimetafakari. Kuna kazi zinazotaka jicho la pili. Ile saruji iliyopanda juu ya jiwe, kwa mfano. Ina ukarimu. Huyu mtu hakuwa bahili."

"Na kidole?"

"Kidole ni mapenzi, mzee. Mwiko hauna hisia."

Hakimu akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye dimbwi lililokuwa likikua miguuni pake. "Shahidi amebadilisha maelezo," akasema, "na ameloa. Mke wangu amekwambia."

"Ndiyo, mzee."

"Basi. Umemponda huyo adui, kwa hiyo wewe utafanya vizuri zaidi. Mimi nipo. Fanya."

Hakuna kitu kinachopotosha nyundo kama macho ya mtu uliyemtukana. Pigo la kwanza la nyundo lilirusha kipande cha saruji katikati ya bwawa, la pili likatua kwenye kidole gumba. Rangi Mbili akafyonza kidole, akaendelea. Akaparua juu juu, kwa kuwa chini palikuwa pagumu na jua nalo lilikuwa kali, akajipa moyo kwamba kisichoonekana hakina shida. Kisha akachanganya saruji na mchanga. Mchanganyiko ulipomshinda kukoroga, alifanya kile ambacho muuza rangi yeyote angefanya: kitu kikiwa kizito, kizimue. Akaongeza maji. Akakoroga. Akaongeza tena, mpaka ukawa unateleza vizuri kama rangi ya mafuta, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Alipoumimina kwenye nyufa, ukapotelea chini ya mawe. Alipomimina zaidi, ukafurika juu yake. Hapo akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu alichokizoea kuliko mwiko.

"Hiyo ni nini?" Hakimu akauliza.

"Brashi, mzee. Ni mtindo mpya."

Mzee wa watu alikuwa amevumilia mengi. Aliwahi kukaa kitini akisikiliza mawakili wakibishana juu ya mbuzi tangu asubuhi mpaka ofisi kufungwa, wala hakupandisha sauti. Lakini brashi ilimshinda. Akatupa gazeti, akaja na kupiga magoti kando ya kijana.

"Lete huo mwiko! Saruji haipakwi, inashindiliwa!"

"Mzee, mbona wewe ulitumia kidole!"

Lilimponyoka. Walitazamana, pua kwa pua, wote wameshika mwiko mmoja.

"Kidole changu kilishindilia," Hakimu akasema kwa heshima zake zote. "Brashi yako inabembeleza. Sogea."

Wakaanza kazi pamoja, kama kazi ndilo jina lake. Huyu anajaza, yule anafuta. Huyu anasema imezidi, yule anasema imepungua. Bila wao kutambua, walikuwa wameanza kufurahi. Saruji ilipotapakaa juu ya mawe yote, Rangi Mbili akaamua kusafisha kabla haijaganda. Akafungua bomba la bustanini, akaelekeza mpira wa maji, akafungulia mpaka mwisho.

Kila kitu kikaingia bwawani. Kilichochanganywa, kilichomiminwa, kilichopakwa na kilichoshindiliwa kwa kidole, vyote viliteremka kwa pamoja, na maji yaliyokuwa ya samawati yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Hakimu aligeuka ghafla aone, na hapo hapo mgongo wake ukakataa. Alibaki vile vile, mikono na magoti chini, kama benchi.

"Mzee?"

"Usiniguse."

"Ni nini?"

"Mgongo."

Mama mkwe alitoka akiwa na beseni, akamkuta mumewe amekuwa samani ya bustani na mkwe mtarajiwa amesimama juu yake na mpira unaobubujika.

"Muingize majini," alisema. "Hiyo ndiyo dawa yake, hana nyingine."

"Maji haya, mama?"

"Kuna mengine?"

Rangi Mbili akavua viatu. Alimkumbatia mzee kwa kiuno, wakashuka ngazi hatua kwa hatua, wakiguna, mpaka maji yalipomfika kijana kifuani. Akamlaza Hakimu juu ya mikono yake miwili, kama mtu anayembatiza mtu mzito. Taratibu mgongo ukaanza kulegea. Mama mkwe alirudi ndani kumpigia Nesi simu.

"Kijana," Hakimu akasema huku akitazama mawingu. "Hapa si mahakamani. Wewe ni fundi?"

"Hapana, mzee. Nauza rangi."

"Nilijua ulipotoa brashi." Akavuta pumzi. "Nikwambie kitu. Maisha yangu yote nilikaa kitini nikiamua mambo yaliyofanywa na watu wengine. Nani kajenga kwenye kiwanja cha nani. Nani kavunja ukuta wa nani. Nilipostaafu nikatazama nyuma, sikuona kitu kimoja nilichokitengeneza kwa mikono hii ambacho mtu anaweza hata kukikanyaga. Ndipo nikanunua mfuko wa saruji."

Rangi Mbili akamwinua kichwa kidogo, maji yasimfike masikioni.

"Nisamehe, mzee. Nilifundishwa kwamba fundi aliyetangulia huwa anapondwa. Sikuambiwa kwamba huwa anasikia."

"Nijibu hili kwanza. Ile kazi yangu ni mbaya kweli?"

Kijana akatafuta neno tamu. Yalikuwepo mengi, yamejipanga mdomoni kama makopo rafuni. Akayaacha yalipo.

"Ni mbaya, mzee. Ila yangu ni mbaya zaidi."

Tumbo la Hakimu likaanza kutikisika. Mawimbi madogo ya kijivu yakasambaa mpaka ukingoni. Mzee alicheka mpaka akanywa kidogo, akakohoa, akacheka tena, na Rangi Mbili aliyemshika akacheka naye, wakawa karibu kuzama wote.

Nesi aliwakuta katika hali hiyo. Alikuwa bado na sare ya kazini, ameshuka zamu.

"Mnaogelea kwenye saruji?" alipiga kelele. "Saruji inachoma ngozi! Tokeni! Baba, toka! Na wewe, mtoe Baba!"

Mtu aliyekuwa akiogopwa na wezi wa kila aina alitoka bila kukata rufaa. Nesi akawasimamisha ukutani, akawamwagia maji safi kwa mpira, mbele, nyuma, masikioni, bila kuchagua baba wala mchumba.

"Umeshamwambia?" alimuuliza Rangi Mbili, akimwelekezea maji usoni.

"Nimemwambia!"

"Afadhali yako. Nilikuwa nimekuja kumwambia mwenyewe."

Jioni ile Rangi Mbili alimpigia Mwashi na kumsihi, na Jumapili asubuhi Mwashi akafika. Mazoea yana taabu. Kabla hata ya kuamkia alisimama ukingoni mwa bwawa, akashika kiuno, akatikisa kichwa. "Nani aliwafanyia kazi hii?"

Nyuma ya Hakimu, Rangi Mbili alikuwa akipunga mikono kama mtu anayesimamisha lori.

"Tulikuwa wawili," Hakimu akasema. "Na tumekiri."

Mwashi akamtazama mzee, akamtazama rafiki yake. Akameza mate. "Si mbaya sana," alisema kwa shida, na pengine hakuna fundi aliyewahi kutamka maneno hayo kabla yake.

Kisha akawaweka wote kazini. Maji machafu yalinyonywa kwa pampu, bwawa likasuguliwa. Rangi Mbili alipewa tindo, na kila alipoparua juu juu Mwashi alimwambia, "Bado hujafika." Magoti yakachubuka, viganja vikaota malengelenge, lakini safari hii saruji kuukuu ilitoka na mizizi yake. Hakimu aliwekewa kigoda kifupi chenye mto wa mgongo, akapewa upande wa karibu na ngazi. Mchanganyiko ulikuwa mkavu-mkavu, wa kukaa donge. Mzee alishindilia kwa mwiko, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo, na kila mara kidole chake cha shahada kiliponyemelea ufa, Mwashi alikohoa.

"Mzee, kidole hapana."

"Nilikuwa nakagua tu."

Kwenye mstari wa ukingoni hawakutia saruji. Mwashi mwenyewe aliziba hapo kwa ule mpira laini. Halafu wakafunika kazi yote kwa magunia yaliyoloweshwa, na Mama mkwe akapewa jukumu la kuyamwagilia yasikauke, akalifanya kwa bidii iliyomshangaza kila mtu. Magunia yalipoondolewa, maungio yalikuwa yamenyooka, ya kijivu kisafi, na lile jiwe la karibu na ngazi lilikanyagwa likanyamaza. Upande wa Hakimu ulipinda kidogo mahali fulani. Mwashi alikuwa ameiona kasoro hiyo mapema, wakati bado ingeweza kurekebishwa, akapita kama hakuona.

Jamaa wa pande zote mbili walipokutana kuzungumzia ndoa, mjomba mmoja wa Nesi aliuliza kijana anashughulika na nini. Rangi Mbili akafungua mdomo, lakini Hakimu alimwahi.

"Anauza rangi," alisema. "Na ni mkweli sana, ukimweka majini."

Watu hawakuelewa, ila Mama mkwe alilazimika kutoka nje kukohoa.

Ndoa ilikubaliwa, kwa sharti moja. Siku ile bwawani Hakimu alikuwa amegundua kwamba mikono iliyomshika ilikuwa ikitetemeka kwa hofu ya maji. Mkwe wake hakujua kuogelea hata kidogo. Aliingia tu kwa sababu mzee alikuwa na maumivu, na maji ya hapo yalimfika kifuani tu. Hakimu hakumwambia mtu jambo hilo, lakini hakulisahau. Basi sharti likawa ajifunze, na kila Jumamosi asubuhi Rangi Mbili anafika na taulo begani, anashuka ngazi kwa tahadhari, anashika ukingo kwa mikono yote miwili, na mzee amesimama juu ya mawe yake akitoa amri.

"Achia ukingo."

"Mzee, nilikuwa nafikiri, kwa jinsi upepo ulivyo leo..."

"Piga miguu, kijana! Maelezo utayatoa ukifika ng'ambo."